Majibu Kumi na Manne ya Mama Mkubwa

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfundisha mama mkubwa majibu. Niliyaandika kumi na manne, kila moja kwenye kikaratasi cha njano, nikayabandika ukutani nyuma ya kompyuta kwa mpangilio ambao nilidhani daktari angeufuata. Herufi zilikuwa kubwa na mistari imenyooka, maana nilitumia rula. Kwa wiki mbili, kila asubuhi baada ya chai, nilimkalisha kwenye kiti nikamwuliza, naye akajibu, mpaka ikafika siku hakosei hata neno moja. Nilijisifu moyoni. Kumbe nilikuwa namharibia kesi yake kabla haijaanza.

Mama mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Ndiye aliyenitoa Bukavu nikiwa mdogo na ndiye aliyenilea hapa Brussels, katika nyumba ya vyumba viwili huko Laeken, ghorofa ya tatu, ambako tunaishi hadi leo. Huniita papa, yaani baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Kiharusi kilimpata kanisani, amesimama na kwaya. Mkono na mguu vilirudi baada ya miezi michache. Kilichopotea ni mpangilio wa mambo. Anajua maji, majani ya chai, sukari na jiko, ila hajui kipi kinatangulia kipi. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta sufuria tupu juu ya moto wa gesi, imeshakuwa nyeusi. Yeye alikuwa sebuleni, amevaa koti juu ya nguo ya kulalia, mkoba mapajani. Aliniambia anangoja gari la kwenda soko la Kadutu. Kadutu iko Bukavu.

Lakini mgeni hawezi kuyaona haya. Ukimsalimu ataitikia vizuri, atauliza habari za watoto wako na kukuombea. Atakutolea zaburi nzima bila kufungua kitabu. Wamama wa kanisani walikuwa wakisema amepona, Mungu ni mwema, nami nilikuwa nanyamaza, kwa sababu aliyekuwa akizima gesi ni mimi.

Mimi ninafanya kazi katika ghala la dawa, kubandika lebo na kukagua kama zimenyooka. Ni kazi inayomfaa mtu kama mimi, ambaye hulala akiwaza lebo moja iliyopinda. Saa nilizokuwa kazini, mama mkubwa alikuwa peke yake. Binti yake wa kumzaa, ambaye kwangu ni dada, anaishi Lyon, na alinieleza kwa simu bila kuzunguka. Ofisi ya posho za walemavu ikitambua ulemavu wa mama yake, tutapata posho na mtu wa kushinda naye, naye atabaki Laeken. Isipoutambua, dada atakuja na gari amchukue, amweke katika nyumba ya wazee karibu na kwake. Dada si mtu mbaya. Alikuwa anaogopa ile gesi kama mimi. Lakini mama mkubwa alipolisikia jambo hilo aliuliza swali moja tu: "Huko Lyon, nani ananijua?"

Basi nilituma maombi, na barua ya ofisi ilipokuja, ikisema daktari atamsikiliza kwa video kwa dakika ishirini, niliichukua kama mtihani wangu.

Hapa lazima niseme nilikoitoa akili hiyo. Tulipofika Ubelgiji tuliishi miezi mingi katika kituo cha wakimbizi, tukingoja kuhojiwa. Nilikuwa na miaka tisa. Pale kituoni watu wazima walikuwa na elimu moja: wanaokuhoji wanatafuta mahali maneno yako yanapogongana. Ukisema leo mlitoka asubuhi na kesho ukasema mchana, mmekwisha. Mama mkubwa alinifundisha kila siku, akiwa amekaa kwenye kitanda cha chini na mimi nimesimama mbele yake. Jibu fupi. Siku moja, saa moja, njia moja. Usilie. Usiseme "sijui" kama unajua, wala usiseme unajua kama hujui. Siku yangu ilipofika niliulizwa maswali machache tu nikayajibu yote, na yule bibi aliyekuwa akiandika alinipa biskuti. Tulikubaliwa. Tangu hapo, kichwani mwangu, mzungu mwenye karatasi mezani ni mtu wa kujibiwa vizuri.

Hakuna aliyeniambia kwamba kikao cha posho ya ulemavu ni kitu kingine. Mambo ya ofisi nilijifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza Kiswahili hiki ninachoandika, kwa kusoma usiku na mchana na kuona haya kuuliza. Nilisoma fomu zote mtandaoni. Niliona kwamba watauliza kama anaweza kutembea, kuoga, kupika, kutambua hatari. Niliandika majibu ya kweli kabisa: kwamba hawezi kupika, kwamba husahau gesi. Sikudanganya hata mstari mmoja, na hilo ndilo lililonifanya nisione kosa. Nilimfundisha mwanamke aliyepoteza mpangilio wa mambo aeleze, kwa mpangilio safi, jinsi alivyopoteza mpangilio wa mambo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa tatu. Nilimvalisha kitenge cha bluu, nikaweka taa upande wa kushoto ili uso usiwe na kivuli, nikainua kompyuta juu ya vitabu vinne. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliuliza kwa Kifaransa, nikageuza kwa Kiswahili, mama mkubwa akatazama ukuta na kujibu, nikarudisha kwa Kifaransa. Leo ni siku gani? Leo ni Jumanne, tuko mwezi wa tatu. Unapika? Hapana, daktari, tangu nilipougua ninasahau moto. Kikao kilikwenda kama saa.

Kuna jambo la pili, na hili lilinichukua muda mrefu zaidi kulikiri. Katikati ya kikao mama mkubwa alipotea. Daktari alimwuliza kama analala vizuri, swali ambalo sikulitabiri, wala halikuwa na kikaratasi. Mama mkubwa alisema kwamba mama yake hajarudi kutoka shambani na mvua inakuja, kisha akaniuliza kama milango imefungwa. Daktari alingoja. Mimi nikasema kwa Kifaransa, "Anasema hulala vizuri, isipokuwa mvua ikinyesha." Sikupanga kusema hivyo. Ulimi wangu ulisafisha wenyewe, kama mkono unavyofuta vumbi mezani bila kuagizwa.

Skrini ilipozima nilipiga makofi. Nilimpikia samaki. Alikula vizuri, halafu akauliza yule mwanamke wa dirishani alikuwa nani.

Barua ya kukataliwa ilifika baada ya wiki saba. Ilisema mhusika anajibu kwa uwazi, anajua siku na mwezi, anaeleza hali yake kwa utaratibu, anatambua hatari ya moto. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, na kila sentensi niliifahamu, maana niliiandika mimi. Ilikuwa kama kusoma karatasi yangu mwenyewe ya mtihani, nimepata alama zote, na chini yake imeandikwa kwamba nimefeli.

Dada aliposikia alisema atakuja kumchukua mwisho wa mwaka. Nikamwomba angoje rufaa. Akauliza rufaa itabadilisha nini kama mama anajibu vizuri hivyo. Sikumwambia kuhusu vikaratasi. Nilimwambia tu angoje.

Rufaa niliiandika mwenyewe, mara saba, na mara ya saba ilikuwa karibu sawa na ya kwanza. Mahakama ya kazi, ambayo huku ndiyo husikiliza kesi za posho, iliipokea na ikamteua daktari wake amsikilize mama mkubwa upya. Daktari huyo alituandikia kwamba tunaweza kuchagua: kikao cha video, au kwenda kwake Ixelles, ambako atakuwepo pia mkalimani aliyeapishwa.

Nilitaka video. Nitasema ukweli, niliitaka sana. Nyumbani choo kiko karibu, hakuna tramu, hakuna baridi, hachoki. Hizo zilikuwa sababu nzuri, na nilizisema kwa sauti. Sababu ambayo sikuisema ni kwamba nyumbani ukuta ni wangu. Sikutaka kubandika tena majibu, la, lakini nilitaka kujua kwamba ukuta upo.

Tulikuwa tumetoka kanisani Jumapili, tumekaa, amevua viatu. Kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, nilimwuliza yeye. Nilimweleza kuna docteur mwingine, tunaweza kumwona kwenye kompyuta ao tuende kwake. Alifikiri muda mrefu hata nikadhani amesahau.

"Ule wa kwanza, alinipa mukono?"

"Hapana, mama mukubwa. Alikuwa kwa kompyuta."

"Bon. Muntu mwenye anakata maneno yangu, mi nataka anipe mukono. Nijue kama iko ya moto ao iko ya baridi."

Kwetu, kukata maneno ni kuamua kesi. Nilijaza fomu: tutakuja.

Safari ilimchosha kama nilivyoogopa. Kwenye tramu alikaa vizuri, lakini tuliposhuka mjini ili tupande basi alitaka kurudi, kisha akataka kujua tunakwenda harusi ya nani. Kwenye basi la barabara ya Ixelles aliona mgahawa wa watu wetu, na mwanamke mlangoni anamenya ndizi, akasimama kwenda kumsalimu wakati basi linatembea. Nilimshika kiuno. Abiria mmoja mwanafunzi akampa kiti chake. Mkononi nilikuwa na faili lenye vitenganishi vya rangi tano, vyeti vyote, picha ya sufuria nyeusi, na nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto anayeweza kuanguka.

Mkalimani alikuwa Mtanzania wa makamo, mwenye sweta na miwani. Alimwinamia mama mkubwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama mkubwa alinigeukia. "Huyu papa anasema Kiswahili ya radio."

"Ya Dodoma, mama," alisema yule bwana akicheka. "Lakini ya kwako nitaielewa. Nikikosea unirekebishe."

Daktari alikuwa mzee mrefu. Alitoka nyuma ya meza, akampa mama mkubwa mkono, naye akaushika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida ya huku. Sijui aliona moto au baridi. Daktari aliniomba nikae nyuma, karibu na mlango, nisiseme mpaka nitakapoulizwa. Nilikaa na faili langu.

Sijawahi kuteseka kama nusu saa ile. Mkalimani alitafsiri kila kitu. Alipoulizwa anaishi na nani, mama mkubwa alisema na papa, na mkalimani akasema kwa Kifaransa kwamba anaishi na baba yake. Nilifungua mdomo. Daktari aliinua kalamu bila kunitazama. Mkalimani akamwuliza mama mkubwa, kwa ruhusa ya daktari, kama baba yake bado yuko hai.

"Alikufa zamani," alisema mama mkubwa. Akageuka na kunionyesha kwa kidevu. "Njo huyu," yaani ndiye huyu.

Hayo yote yalitafsiriwa. Alipouliza mara tatu kama daktari ameoa, yalitafsiriwa mara tatu. Alipoanza habari ya mvua na ya mama yake shambani, yule bwana wa Dodoma aliitoa yote kwa Kifaransa, sentensi kwa sentensi, kwa sauti ile ile aliyotumia kutafsiri umri wake. Niliona aibu, kisha nikaona aibu kwa kuona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumsikia mama mkubwa mbele ya ofisi. Mpaka siku ile walikuwa wamenisikia mimi.

Kisha daktari alimpa chupa ya maji na glasi, akamwomba anywe dawa yake ya mchana kama anavyofanya nyumbani. Kisanduku cha vidonge kilikuwa kwenye mkoba wake. Alikitoa, akakiweka mezani. Akamimina maji kwenye glasi, akainuka, akampelekea daktari kwa mikono miwili. Daktari alishukuru na kuirudisha. Mama mkubwa akaichukua, akampelekea mkalimani. Halafu akaniletea mimi mlangoni, akaniambia kunywa, jua ni kali, na nje kulikuwa na mvua ya mwezi wa kumi na moja. Mara tatu daktari alimkumbusha dawa, na mara tatu alitukaribisha maji. Kisanduku hakikufunguliwa. Mikono yake ilikuwa na adabu yote aliyofundishwa maishani, na haikujua kidonge ni cha nani. Kwenye video hakuna wa kupelekewa glasi.

Daktari aliandika. Kisha akauliza, kama kwa kupita tu, leo ni siku gani. Na mama mkubwa, aliyekuwa akitafuta maneno tangu tuingie, alinyoosha mgongo na kusema bila kusita kwamba leo ni Jumanne, tuko mwezi wa tatu.

Ilikuwa Alhamisi.

Daktari aliivuta ripoti ya kikao cha kwanza, akaangalia tarehe iliyo juu yake, kisha akanitazama. Aliniuliza kwa upole kama naweza kueleza.

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni nini kinatokea watu hawa wakigundua umepanga maneno. Niliona wazi ataandika kwamba sisi ni waongo, na mama mkubwa atakwenda Lyon kwa sababu ya mdomo wangu. Lakini alikuwa amekaa pale, amechoka, na glasi ya maji mkononi, amejibu swali langu namba moja kama nilivyomfunza, na alikuwa anatabasamu kwa kuwa amelipata.

Nikasema. Nilieleza vikaratasi, rula, wiki mbili za asubuhi. Nilieleza kwamba jibu la mvua nililibadilisha mimi. Nilieleza hata kituo cha wakimbizi, ingawa hakuna aliyeniuliza, na sauti yangu ilikuwa inakimbia mbele yangu. Mkalimani hakuwa na kazi, nilikuwa nasema Kifaransa, lakini alianza kumnong'onezea mama mkubwa kwa Kiswahili, kwa sababu ni haki yake kujua kinachosemwa juu yake. Hilo sikuwa nimelifikiria kamwe.

Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, mbele yao wote:

"Papa, mi njo nilikufundisha vile. Usilie."

Sikujua kwamba nalia. Daktari alisema sasa anaelewa ile ripoti, kwamba alikuwa akijiuliza. Alisimama, akamsaidia mama mkubwa kuvaa koti, kwa sababu alikuwa akiingiza mkono kwenye skafu.

Nje, kwenye ngazi, nilimwomba mkalimani radhi, sijui kwa lipi. Alisema katika kazi yake ameona wana wengi wanaowapenda mama zao kuliko wanavyowasikia, na nisijione kama wa kwanza. Nilikasirika hadi tulipofika kituo cha basi. Baadaye sikukasirika.

Hukumu ilikuja mwanzo wa mwaka mpya. Mahakama ilifuata ripoti ya daktari: mama mkubwa hawezi kuachwa peke yake mchana. Nilimpigia dada Lyon nikamsomea yote, kisha nikamwambia kuhusu vikaratasi. Alinitukana kidogo, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kama dada anavyostahili, kisha akasema atakuja Pasaka, kututembelea tu.

Sitaki mtu asome haya aseme video ni mbaya. Kanisani kwetu kuna mzee mmoja wa Ganshoren, tunayemwita tonton, ambaye mgongo wake hauwezi kukaa dakika kumi. Angepelekwa Ixelles kwa gari, angefika amemeza dawa zote za maumivu, amenyooka kwa nguvu za dawa, na daktari angemwona mtu mwenye afya. Yeye alichagua video. Aliniomba nimwekee kompyuta. Niliiweka kwenye kiti kando ya kitanda, daktari akamwona alivyo, amelala ubavu, anasimama kati ya jibu na jibu ili apumue. Shuka lilikuwa limekunjamana upande mmoja. Niliona nikiwa mlangoni na mkono wangu ulitaka kwenda kulinyoosha. Nilitoka nikasimama jikoni na mkewe mpaka waliponiita.

Sasa kuna mwanamke anayekuja kwetu Laeken kila siku ya kazi saa mbili asubuhi, na mimi ndipo naondoka. Watu wa kanisani wakiniomba niwasaidie kwa vikao vyao, nawasomea barua, nawaeleza njia zote mbili, nawauliza wanataka ipi, na namwomba daktari alete mkalimani ambaye si mimi. Mama mkubwa akiulizwa jambo, hata kama anakosea, simjibii tena.